Hisabati ya Gredi ya 10 Huanzia Gredi ya 4

Mjadala wa hisabati nchini Kenya ulizimwa mapema mno. Mpango wa awali wa Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi ya 12) uliwaruhusu wanafunzi walio nje ya mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) kuliacha somo hilo. Wadau wakalalamika, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kuwa kila mwanafunzi atasoma hisabati: nzito kwa walio STEM, nyepesi kwa walio katika sayansi za jamii au sanaa na michezo. Wengi wakaridhika. Ila kulazimishwa somo ni kitu kimoja na kuliweza ni kingine, na hilo la pili tangazo halikuligusa.

Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, wa kwanza kabisa chini ya mtaala wa umilisi, walikuwa Gredi ya 4 shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona. Walirejea Oktoba, kisha wakakimbizwa katika mihula iliyofupishwa. Walipofika Gredi ya 7 mwaka 2023, Sekondari Msingi ilikuwa imewekwa ndani ya shule za msingi, walimu wakiwa haba na wengine wakifundisha masomo ambayo hawakuyasomea. Zaidi ya hayo, katika mfumo uliotangulia wa 8-4-4 mwalimu wa sekondari alimpokea mtoto Kidato cha Kwanza, akapata mwaka mzima wa kuziba mapengo kabla mambo hayajawa mazito. Mwaka huo sasa ni Gredi ya 9, na unafundishwa kwingine.

Pengo lenyewe mara nyingi ni dogo na la zamani. Mwanafunzi akiulizwa nusu kujumlisha theluthi, anajumlisha nambari za juu peke yake na za chini peke yake, anaandika 2/5. Angesita kidogo angeona kuwa jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Hakuna aliyemzoesha kusita. Miaka mitano baadaye anakutana na 1/x + 1/y, anaandika 2/(x + y), na mwalimu anasema hajui aljebra. Aljebra haina hatia hapo. Lile ni kosa la sehemu lililovaa herufi. Kikokotoo, ambacho wengine hukitaja kama dawa, kitampa 5/6 katika swali la kwanza na kumwacha pale pale katika la pili.

Zipo hoja za kupinga wito wa kulitafuta na kuliziba pengo hilo mwanzoni mwa Gredi ya 10. Ya kwanza ni kwamba KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, umekwisha kuwapima. Umewapima, ndiyo, lakini matokeo ni kiwango tu. Mwalimu anayepokea wanafunzi wawili wenye kiwango cha AE1 (wanaokaribia matarajio) hajui kwamba mmoja alikwama kwenye sehemu na mwenzake kwenye jiometri, na dawa zao si moja. Ya pili ni kwamba hisabati nyepesi itawaokoa walio dhaifu. Sidhani. Bidhaa ya shilingi 1,000 ikipanda bei kwa asilimia 20 kisha ikashuka kwa asilimia 20, inauzwa 960. Asiyeelewa asilimia atasema imerudi 1,000, hata kama somo lake limepewa jina la upole. Hisabati ya maisha ya kila siku ndiyo hasa inayoegemea yale ya Gredi ya 4 hadi ya 6.

Hoja nzito ni ya muda: silabasi ni ndefu, na miaka ni mitatu tu. Mwalimu anayesema hivyo hatii chumvi. Hata hivyo, muda huo unapotea vilevile anapofundisha milinganyo kwa darasa ambalo nusu yake haiwezi kuhamisha nambari hasi, kisha akairudia kabla ya mtihani. Jaribio fupi la wiki ya kwanza, lisilo na alama wala nafasi, la maswali kumi na mawili hivi kuhusu sehemu, asilimia, nambari hasi na mlinganyo mmoja mwepesi, lingemwonyesha aanzie wapi na nani. Nalo Baraza la Mitihani, KNEC, ambalo ndilo linalosimamia KJSEA, lingeweza kuzipelekea shule za Gredi ya 10 maelezo ya mada zilizomshinda kila mwanafunzi, badala ya herufi mbili na tarakimu.