Silsila ya Mwalimu na Mwili wa Mwanafunzi

Mzazi amtafutiaye mwanawe mwalimu wa judo au karate aghalabu hukuta, ukutani mwa chumba cha mafunzo, picha za wazee wa Kijapani zimepangwa kutoka juu kwenda chini, na mwisho wake picha ya mwalimu mwenyewe, kana kwamba watu wote wale wameshikana mikono kuvuka bahari na miaka mpaka kumfikia yeye. Picha hizo ni dai: zanena kuwa elimu ya mwalimu haikuokotwa njiani, bali imepokewa mkono kwa mkono. Dai la namna hiyo lastahili heshima, na lastahili pia kuchunguzwa.

Sisi watu wa pwani si wageni wa jambo hili, maana kwetu mwalimu wa chuo huulizwa amesoma kwa nani, na mwenye ijaza, yaani idhini ya kufundisha, hutaja sheikh wake, na sheikh wa sheikh wake. Wanazuoni wa hadithi waliikamilisha kazi hiyo ya isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, kuliko wengine wote, walakini hawakuridhika kamwe na orodha ya majina: waliuliza kama kila mpokezi alikutana kweli na yule aliyepokea kwake, kama alikuwa mwadilifu, na kama alikidhibiti alichokisikia, na hata isnadi ilipokuwa safi, matini yenyewe ilitazamwa, kwa kuwa mapokezi mema peke yake hayakutosha kuiepusha na kasoro. Mizani hiyo hiyo yafaa kumpimia mwalimu wa mapigano.

Tutazame habari za Jigoro Kano, mwasisi wa judo, aliyezaliwa mwaka 1860. Alijifunza jujutsu, sanaa ya kale ya mapigano ya Kijapani, kwa Fukuda Hachinosuke, na mzee huyo alipofariki mwaka 1879 akaenda kwa Iso Masatomo, kisha, Iso naye alipokwisha kuiaga dunia, akamwendea Iikubo Tsunetoshi wa mtaala wa jujutsu uitwao Kito. Mwaka 1882, kabla hajatimiza miaka 22, alifungua chuo chake cha judo, Kodokan, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, penye mikeka 12, na mwaka huo wa kwanza alipata wanafunzi 9 tu. Iikubo akawa anakuja pale pale kumfundisha. Kano mwenyewe alisimulia kuwa siku moja, katika mazoezi ya kushikana, alimwangusha ustadhi wake mara baada ya mara, ilhali desturi ilikuwa yeye ndiye wa kuangushwa. Mzee alipomwuliza sababu, akajibu kuwa ametambua namna ya kumwondolea mtu msimamo kabla ya kumtupa. Iikubo akakiri kuwa hana tena la kumfundisha, na hatimaye akamkabidhi vitabu na maandishi ya mtaala wake. Hiyo ndiyo silsila yenye ithibati, kwani mwalimu alimshuhudia mwanafunzi wake baada ya kuuonja ustadi wake mgongoni mwake mwenyewe.

Lakini si kila silsila iliyokabidhiwa hivyo. Mwaka 1930 mwanahistoria wa Kichina Tang Hao alichapisha uchunguzi wake, akabainisha kuwa masimulizi yanayoyanasibisha mapigano ya hekalu la Shaolin na mtawa Bodhidharma hayana msingi katika tarikhi. Ikiwa hekalu lenye sifa kubwa kama lile liliweza kuvikwa nasaba isiyo yake, karatasi iliyotiwa fremu ukutani itashindwaje kufanya hivyo? Fauka ya hayo, silsila ya kweli nayo yaweza kumfikia mtu mvivu: maji hupita katika mfereji ulioziba yakafika machache.

Basi matini ya mwalimu ni wanafunzi wake, nao husomwa kwa macho. Mwalimu mwema wa judo hampi mgeni siku za mwanzo ila kujifunza kuanguka: akae kwanza, achutame, kisha asimame, kidevu akishikize kifuani ili kisogo kisiguse mkeka, na mkono aupigishe chini kwa urefu wake wote, ili mshindo utawanyike usije ukavunja kifundo. Tazama pia litukialo mwanafunzi aliyebanwa shingo au kiwiko anapompiga mwenziwe makofi mawili mepesi, ambayo ni alama ya kusalimu amri. Kwa mwalimu mwadilifu mkono huachiliwa papo hapo, hata kama aliyebanwa ni mtoto na aliyebana ni mwenye mkanda mweusi. Mtazame hasa mwanafunzi dhaifu kuliko wote, kwa kuwa hodari angeweza kuwa hodari kwa mwalimu yeyote, bali mnyonge aliyepata ustadi na akabaki na viungo vizima ndiye shahidi asiyeweza kukanushwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba silsila ina maana, nayo ni ya kuulizwa mwanzo, si ya kuamulia mwisho. Ewe mzazi, muulize mwalimu alifundishwa na nani na kwa miaka mingapi, maana mkweli hutaja bila ya kusitasita. Kisha keti pembeni uyatazame mafunzo tangu mwanzo hata mwisho wake. Ukiona silsila ni ndefu na wanafunzi wanachechemea, mshike mwanao mkono urudi naye nyumbani.