Chaos A.D.: Kilio cha Haki Katika Muziki Mzito

Wazazi na walezi wengi hushtuka wanaposikia muziki wa metali ukitoka chumbani mwa kijana: magitaa yanayonguruma, ngoma zinazopigwa kwa nguvu, na sauti ya mtu anayepaza kilio badala ya kuimba. Wengine huamua mara moja kwamba huo ni muziki wa shetani, na mazungumzo huishia hapo. Tunaona kwamba jambo hili lastahili upembuzi zaidi, kwa maana Mtume Paulo anawaelekeza Wathesalonike kuyapima mambo yote na kushika lililo jema (rej. 1Thes 5:21). Kupima hakuanzi na hukumu. Huanza na kusikiliza.

Ili tusizungumze kwa jumla jumla, tunachukua mfano mmoja: albamu iitwayo Chaos A.D., iliyotolewa mwaka 1993 na kundi la Sepultura kutoka Brazili. Jina la kundi hilo, kwa Kireno, maana yake ni kaburi. Lilianzishwa mjini Belo Horizonte mwaka 1984 na ndugu wawili, Max na Igor Cavalera, pamoja na wenzao, nalo likapata sifa duniani kwa thrash metal, tawi la kasi na ukali la muziki wa metali. Vijana hao walikulia chini ya utawala wa kijeshi uliodumu nchini mwao kuanzia mwaka 1964 hadi mwaka 1985. Kazi zao za mwanzo zilijaa taswira za kifo na za kishetani, jambo ambalo hatuwezi kulifumbia macho. Lakini kadiri miaka ilivyosonga, macho yao yaligeukia maovu yaliyokuwa yakitendeka mbele yao mchana kweupe.

Maoni ya wasikilizaji juu ya albamu hii yaligawanyika tangu mwanzo. Baadhi ya wapenzi wa zamani walilalamika kwamba kundi limepunguza kasi na kuuacha ule ukali wa awali. Wengine waliona kwamba, kwa kupunguza mwendo na kuingiza midundo ya Kibrazili, wanamuziki hao walikuwa wamepata sauti yao wenyewe. Kwetu sisi, hata hivyo, swali lililo zito zaidi ni hili: albamu hii inalia kwa ajili ya nani?

Wimbo uitwao Manifest unasimulia, kwa mtindo wa taarifa ya habari, mauaji ya gereza la Carandiru mjini São Paulo. Tarehe 2 Oktoba 1992, baada ya ghasia kuzuka kati ya wafungwa, polisi wa kijeshi waliingia gerezani humo, na watu 111 wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa hawajahukumiwa na mahakama. Kwa watu wengi hao walikuwa wahalifu tu, wasiostahili kuombolezewa. Bendi ya vijana wenye nywele ndefu ikakataa wasahauliwe.

Kipo pia kipande kisicho na maneno, kiitwacho Kaiowas, kilichorekodiwa katika magofu ya ngome ya Chepstow, huko Wales. Kinawakumbuka Waguarani-Kaiowá, wenyeji asilia wa Brazili walionyang'anywa ardhi ya mababu zao hata baadhi yao wakaona afadhali kufa. Wimbo wa Territory, ambao video yake ilipigwa katika Nchi Takatifu, unazungumzia vita vya kugombania ardhi. Na ule wa kwanza kabisa, Refuse/Resist, unawahimiza watu kukataa na kupinga.

Hapa msomaji Mkatoliki atatambua kwamba Kanisa nchini Brazili lilikuwa limekwisha kulia kilio hicho. Mwaka 1972 lilianzishwa Baraza la Kimisionari kwa ajili ya Wenyeji Asilia, lenye uhusiano na Baraza la Maaskofu, ili kutetea ardhi na utamaduni wa watu hao. Mjini São Paulo, Kardinali Paulo Evaristo Arns alifungua milango ya Kanisa Kuu mwaka 1975 kwa ibada ya pamoja ya kumwombea Vladimir Herzog, mwandishi wa habari Myahudi aliyefia mikononi mwa jeshi. Baadaye aliunga mkono kazi ya siri ya kukusanya ushahidi wa mateso ya wafungwa wa kisiasa, iliyochapishwa mwaka 1985.

Je, yafaa basi Mkristo kusikiliza sanaa inayoonyesha uovu waziwazi? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Inter mirifica ya mwaka 1963, unafundisha kwamba kuonyesha uovu kwa njia ya sanaa kwaweza kumsaidia mwanadamu ajitambue kwa undani na aone uzuri wa ukweli na wema, mradi sheria ya maadili izingatiwe. Hata Zaburi ya 88 huishia gizani, bila neno la faraja. Kanisa limeihifadhi katika sala yake, kwa sababu mtu aliyevunjika moyo anayo haki ya kulia mbele za Mungu.

Tofauti inaanzia hapo hapo. Mtunga Zaburi anamlilia Mungu, Chaos A.D. inaililia dunia, na mara nyingi inabaki na hasira peke yake. Kuhusu kukataa na kupinga, Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2242-2243) inafundisha kwamba raia anawajibika kwa dhamiri kutotii amri zinazopingana na maadili. Lakini upinzani wa silaha unawekewa masharti mazito: haki msingi ziwe zimevunjwa kwa hakika, vibaya na kwa muda mrefu, njia nyingine zote ziwe zimekwisha kujaribiwa, na machafuko makubwa zaidi yasizaliwe. Albamu haitoi vipambanuzi hivyo. Hiyo si kazi ya wimbo. Ni kazi yetu sisi tunaolea dhamiri za vijana.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi, makatekista na walezi wasianze kwa kuzima redio. Wamwulize kijana: wimbo huu unamlilia nani? Unakuachia moyo wa namna gani, wa huruma au wa chuki? Utamfanyia nini mfungwa au mtu aliyenyang'anywa shamba, utakapokwisha kusikiliza? Hasira isiyopata kazi ya kufanya hugeuka uchungu. Ikipata kazi, yaweza kuwa mwanzo wa upendo wa jirani.

Herufi A.D. katika jina la albamu ni kifupisho cha maneno ya Kilatini yenye maana ya Mwaka wa Bwana. Wanamuziki hao waliziambatanisha na neno lenye maana ya vurugu. Lakini Kristo, katika sinagogi la Nazareti, alitangaza Mwaka wa Bwana kuwa habari njema kwa maskini na kufunguliwa kwa wafungwa (rej. Lk 4:18-19). Iwapo gereza la jirani halijawahi kutembelewa na wanaparokia wetu, tusiwalaumu vijana wanaokwenda kuisikia habari ya wafungwa mahali pengine.