Kuponi Hailipi Mkopo

Hati fungani ya Serikali hulipa kuponi, yaani riba yake, mara mbili kwa mwaka. Mkopo wa mshahara hukatwa mara kumi na mbili. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kulimaliza swali ambalo watumishi wa Tanzania wamekuwa wakilirudia mpaka limechosha: mtu akope kiasi gani benki, anunue hati fungani, kuponi ijilipie marejesho, na mwishowe abaki na mtaji wa bure? Hakuna kiasi cha namna hiyo. Akope milioni 5 au milioni 50, matokeo ni yale yale, kwa sababu kinachoamua ni riba anayolipwa, riba anayoilipa yeye, na kalenda za malipo hayo mawili.

Imani hii haikuzuka hewani. Aprili 2021 Benki Kuu ya Tanzania iliuza kwa mara ya kwanza hati fungani ya miaka 25, yenye kuponi ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Ile ya miaka 20 ilikuwa inatoa asilimia 15.49. Kuponi za hati fungani za Serikali za miaka mitatu na kuendelea hazikatwi kodi ya zuio, hivyo anachoandikiwa mnunuzi ndicho anachopokea. Wakati huohuo wastani wa riba za mikopo ya benki ulikuwa asilimia 16 na ushei. Aliyeziweka namba hizo mbili kando kwa kando aliona riba ya kuingia inalingana na riba ya kutoka, akahitimisha kwamba mkopo unajilipa. Walimu wa uwekezaji wa mitandaoni wakalidaka hitimisho hilo na kulifanya somo la kulipia.

Kosa lao ni kusahau kwamba rejesho la mkopo si riba peke yake. Ndani yake mna riba na sehemu ya deni lenyewe. Kuponi ni riba tupu. Mtaji wa hati fungani ya miaka 25 hurudi mwaka wa 25.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 30 wa miaka saba, kwa riba ya asilimia 16 inayokokotolewa kwenye deni lililobaki. Rejesho lake ni karibu shilingi 596,000 kwa mwezi. Hati fungani ya milioni 30 yenye kuponi ya asilimia 15.95 hutoa shilingi 2,392,500 kila baada ya miezi sita, sawa na shilingi 398,750 kwa mwezi. Pungufu ni kama shilingi 197,000, na pungufu hilo hutoka kwenye mshahara kila mwezi, kwa miezi 84. Tena hiyo ndiyo hesabu iliyolainishwa. Kabla kuponi ya kwanza haijaingia, mshahara umeshakatwa marejesho sita yanayokaribia shilingi milioni 3.6. Mwenye kutegemea kwamba Serikali ndiyo itakayomlipia benki huligundua hilo mwisho wa mwezi wa kwanza, siku ya mshahara.

Watetezi wa mpango huu huwa na jibu lao: baada ya miaka saba deni limekwisha na hati fungani ya milioni 30 ipo, na fedha iliyotoka mfukoni ni kama milioni 16.6 tu. Jibu hilo linasikika vizuri hadi lilinganishwe na mtu ambaye hakukopa kabisa. Mtu huyo akitenga shilingi 197,000 hizohizo kila mwezi, akaziwekeza kwa asilimia 15.95 na kuzirudisha kuponi kwenye uwekezaji, baada ya miezi 84 atakuwa na kama milioni 30. Kiasi kilekile. Kwa kweli kitapungua kidogo, kwa kuwa hati fungani hununuliwa kuanzia shilingi milioni moja na hivyo lazima fedha zikusanyike kwanza. Lakini aliyekopa naye ana upungufu wake: ada ya mkopo na bima ya mkopo, ambazo kwa kawaida hukatwa siku ya kwanza kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti. Baada ya purukushani yote hiyo, mkopo haukumwongezea mtu chochote isipokuwa wajibu.

Hiyo ni hali nzuri. Hali mbaya ilikuja Aprili 2022, Benki Kuu ilipozishusha kuponi za hati fungani mpya: ya miaka 25 ikawa asilimia 12.56, ya miaka 20 ikawa 12.10. Riba za mikopo hazikushuka kwa kiwango hicho, na somo la mitandaoni halikubadilika hata neno. Mkopo uleule wa milioni 30, ukinunua hati fungani ya asilimia 12.56 kwa bei kamili, unaleta shilingi 314,000 kwa mwezi dhidi ya rejesho la 596,000. Pungufu linapanda hadi karibu shilingi 282,000. Asiyekopa akitenga kiasi hicho kwa asilimia hiyohiyo ya 12.56 anafika milioni 37.6 baada ya miaka saba. Aliyekopa ana hati fungani ya milioni 30. Milioni saba na nusu zimekwenda benki kwa hiari ya mwenyewe, na bado anajiita mwekezaji.

Hoja moja tu ya watetezi inastahili heshima: kwamba bila kukatwa kwenye mshahara watu wengi hawaweki akiba. Ni kweli. Dawa yake ni agizo la kudumu benki linalohamisha fedha tarehe ya mshahara kwenda akaunti nyingine, na agizo hilo halitozi asilimia 16.

Kuna awamu ya pili ya mpango huu, ambayo ni hatari zaidi: hati fungani ya kwanza iwekwe rehani benki, mkopo mpya ununue ya pili, ya pili iwekwe rehani inunue ya tatu. Ni kweli kwamba benki huzipokea hati fungani kama dhamana ya mkopo, na kwa mfanyabiashara mwenye mzunguko wa bidhaa hiyo ni faida halisi. Kwa anayekopa ili anunue hati fungani nyingine, kila ngazi inaongeza pungufu la mwezi juu ya pungufu lililopo, na mshahara unaobeba ngazi zote ni uleule mmoja. Utaratibu unataka mtumishi asikatwe hadi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Aliyeifikia theluthi hiyo kwa ajili ya hati fungani hana tena nafasi ya kukopa pale mtoto anapolazwa au ada ya shule inapodaiwa. Hapo ndipo mikopo ya kausha damu inapomkuta, na riba yake haina ujirani wowote na asilimia 16.

Wengi hujifariji kwamba mambo yakiharibika hati fungani itauzwa. Itauzwa, ila kwa bei ya siku hiyo. Kuponi haibadiliki katika maisha yote ya hati fungani; kinachobadilika ni bei, na bei hutembea kinyume cha riba ya soko. Aliyenunua ile ya asilimia 15.95 kisha riba za hati mpya zikashuka hadi 12.56 ana mali inayogombaniwa: kwa hesabu, kila shilingi 100 za hati yake zinaweza kuuzwa kwa kama 125. Geuza mambo. Mwenye hati ya asilimia 12.56 katika soko linalodai 15.95 atapata kama shilingi 79 kwa kila 100, kwa sababu hakuna mtu atakayelipa bei kamili kwa kuponi ndogo wakati kubwa ipo dirisha la pili. Kadiri miaka iliyobaki inavyokuwa mingi ndivyo mbembeo huu unavyokuwa mkali. Dhamana ya Serikali ya siku 91 haitikisiki sana. Hati ya miaka 25 hutikisika kweli kweli.

Mtu wa mfano wa pili akipoteza kazi mwishoni mwa mwaka wa pili katika soko linalodai asilimia 15.95, hati yake ya milioni 30 itauzwa kwa kama milioni 23.8. Deni lake benki siku hiyo ni karibu milioni 24.5. Atauza kila kitu na bado atadaiwa, baada ya kulipa marejesho ya zaidi ya milioni 14 na kupokea kuponi za milioni saba na nusu. Asiye na mkopo katika soko hilohilo hana haja ya kuuza: anaendelea kupokea kuponi na kusubiri.

Msemo kwamba Serikali haishindwi kulipa kwa fedha yake yenyewe nao upunguzwe makali. Desemba 2022 Serikali ya Ghana ilitangaza mpango wa kubadilishana madeni ya ndani: wenye hati fungani za cedi walitakiwa kuzisalimisha na kupokea nyingine za muda mrefu zaidi na riba ndogo zaidi. Dhamana za muda mfupi hazikuguswa. Ghana si Tanzania, na hali za madeni ya nchi hizi mbili hazifanani. Lakini siku kuponi inapopunguzwa kwa tangazo la Serikali, mkataba wa mkopo binafsi benki haupunguzwi pamoja nayo.

Hayo ya mkopo yakiwekwa pembeni, dhamana za Serikali zinabaki kuwa sehemu nzuri ya kuweka fedha za mtu mwenyewe, na njia zake si siri. Ya kwanza ni dhamana za muda mfupi: za siku 35, 91, 182 na 364, kuanzia shilingi 500,000. Hazina kuponi. Hununuliwa chini ya 100 na kulipwa 100, na tofauti ndiyo faida, ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Asilimia inayotangazwa baada ya mnada ni ya mwaka mzima. Anayenunua ya siku 91 kwa asilimia 8 asitegemee 8 baada ya miezi mitatu, ni kama mbili tu kabla ya kodi. Hizi zinafaa kwa fedha ya ada ya mwakani au ya kumalizia kiwanja, si kwa uzee.

Kwa uzee na kwa mafao ya kustaafu kuna hati fungani za kuanzia miaka 2 hadi 25. Ya miaka miwili hukatwa kodi. Hilo huwashtua wengi. Mnunuzi hufungua akaunti ya dhamana kupitia benki ya biashara au dalali wa soko la hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, akajaza fomu ya zabuni kwa ajili ya mnada, akataja bei anayotaka kulipa kwa kila shilingi 100. Akitaja bei ya chini mno hukosa. Aliyekosa mnada, au anayetaka hati iliyobakiza miaka michache, anunue kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kutoka kwa mwenye nayo. Huko atalipa bei ya siku pamoja na sehemu ya kuponi iliyokwisha kukusanyika tangu malipo ya mwisho. Asimpe fedha taslimu mtu yeyote anayejiita wakala wa Benki Kuu. Benki Kuu haina mawakala wa mtaani.

Asiyefikisha milioni moja, au asiyetaka kufuatilia minada, anunue vipande vya Mfuko wa Hati Fungani wa UTT AMIS. Anayetaka zaidi ya Serikali ana hati za taasisi na kampuni, kwa mfano ile ya Mamlaka ya Maji Tanga ya 2024, ya miaka 10 kwa asilimia 13.5, ila asome kwanza nani analipa na kutoka mapato gani, kwa kuwa kampuni na mamlaka hazina uwezo wa kukusanya kodi. Anayeiepuka riba kwa sababu za dini ana sukuk: KCB Tanzania ilitoa yake 2022, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikazindua yake 2025. Aliyenunua hati ya miaka 25 akiwa na umri wa miaka 50 amwandikishe mrithi, na familia ijue namba ya akaunti ya dhamana iko wapi.

Na mwenye mkopo wa mshahara ambao tayari unakatwa, wenye riba ya asilimia 16, hana haja ya mnada wowote kwanza. Kila shilingi anayoipunguza kwenye deni hilo inamwokolea asilimia 16 kwa mwaka, bila kodi na bila bei ya soko. Aulize benki yake ada ya kulipa kabla ya muda ni kiasi gani, kisha aanzie hapo.