Pua Isiyosikia Karafuu

Mkaazi wa Pemba apitaye kando ya majamvi ya karafuu zilizoanikwa asisikie harufu yoyote, amepatwa na msiba ambao jirani yake hauoni. Hatambui samaki aliyeharibika wala gesi inayovuja jikoni. Mafua ya kawaida huweza kuileta hali hiyo, na tangu mwaka 2020 UVIKO-19 umewafikisha hapo watu wengi sana duniani.

Juu kabisa ndani ya pua upo utando mdogo, ambao upana wake hauzidi sana stempu ya barua. Humo ndimo zilimo neva za kunusia. Virusi vya UVIKO-19 havizishambulii hasa neva hizo, bali chembehai jirani zinazozilinda na kuzitunza. Watunzaji wakianguka, neva nazo huduwaa. Kwa bahati njema, katika utando huo zimo pia chembehai zinazozaa neva mpya. Ndiyo sababu wengi hupona baada ya majuma machache, ingawa wengine hungoja miezi, na wachache hawaponi kabisa.

Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walieleza zoezi la kunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kwa majuma 12. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu.

Karafuu, tena! Wakuu wa Afya Visiwani wanaombwa wawaelekeze wahudumu wa vituo walifundishe zoezi hilo. Gharama yake haizidi karatasi moja ya maelezo kwa kila kituo, nasi hatuoni sababu ya kulichelewesha.