Ukiambiwa Onyesha Kazi Yako, Utaonyesha Ipi?

Juzi, baada ya swala ya Alasiri, nilikuwa nimekaa barazani Kibokoni, hapa Mji wa Kale, alipokuja binti wa jirani na makaratasi mkononi. Akanipa salamu, akasema, "Ami, naomba kazi ya kutunga michezo ya televisheni. Wametaka mswada mmoja tu, nami ninayo mitatu."

Wa kwanza ni utenzi. Wa pili, mchezo wa majambazi wa Nairobi. Wa tatu, mchezo wa ndugu wagombeao nyumba ya marehemu baba yao.

Utenzi ulikuwa mzuri, nami mshairi niliusifu. Lakini atafutaye fundi wa milango haonyeshwi kofia, hata iwe na darizi gani.

Wa majambazi ulijaa bunduki, na watu wote wakisema kwa sauti moja. Alidhani ndio upendwao na wakubwa. Nikamkumbusha kwamba mwaka 2022 Citizen ilipoanza kuonyesha "Sultana", mchezo wa kampuni ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, maisha ya pwani yaliingia majumbani hata bara.

Wa tatu niliusoma nimefunika majina kwa kiganja. Kila neno nilimjua msemaji wake: huyu kaka mkubwa, huyu shangazi. Hiyo ndiyo kazi itafutwayo, kwani mtunzi wa kuajiriwa hatungi peke yake. Huketi na wenziwe, akawasemesha watu waliobuniwa na mwingine. Asiyesikia sauti za watu hataweza.

"Peleka huu," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. "Naogopa, Ami. Hiyo ni nyumba yetu. Watajijua."

Nikanyamaza, maana sitara kwetu ni jambo zito. Kisha nikasema, "Mwanangu, siri ya nyumba si yako kuitoa. Nyumba ifanye jahazi, ndugu wawe wabia, shangazi awe nahodha mzee. Yaliyotokea yaache. Shika namna watu wasemavyo: mkubwa akatizavyo, mnyonge ajibuvyo kwa mafumbo. Hayo hayana mwenyewe. Na ugomvi uanze ukurasa wa kwanza. Msomaji wa miswada ana lundo mezani."

Siku ya nne akarudi. Nikafunika majina tena. Nahodha alikuwa shangazi mtupu, wala hapana mtu wa Kibokoni ambaye angemtambua.

Bahasha imekwenda. Jibu tunalingoja, Inshallah.