Sarufi ya Michoro ya Programu

Mwaka 1997 shirika la Object Management Group la Marekani lilipitisha UML, lugha ya kuchorea programu za kompyuta, pamoja na MOF, kanuni za kuunda lugha za namna hiyo.

Kumbukumbu ya mwanafunzi Asha, iliyomo katika kompyuta ya shule, ni ngazi ya chini. Mchoro unaotaja aina “Mwanafunzi” u juu yake. Juu zaidi ipo UML, inayoeleza “aina” ni nini. Na juu kabisa MOF, inayoieleza UML. MOF nayo hujieleza yenyewe, kama kamusi ifafanuavyo neno “neno”. Tena, ajabu, kwa alama zilizoazimwa UML!

Pasipo msingi huo mmoja, michoro ya chombo kimoja isingesomeka katika kingine. Hata hivyo, haikuhama daima bila kasoro.