Herufi moja, kazi tatu: chaguo la -n katika Git

Mombo ni njia panda. Msafiri atokaye Korogwe kwenda Lushoto huiacha hapo barabara kuu, hupanda basi dogo, kisha hupanda milima ya Usambara hadi mashambani ambako wakulima hupanda kabichi. Umbo "panda" limebeba maana nne katika maelezo hayo, wala msomaji hakukwama, kwa kuwa maneno yanayolizunguka yamembainishia. Asiyeelewa huuliza: "Unapanda nini?"

Kompyuta haiulizi. Chukua Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Amri ya git clean -n huorodhesha mafaili ambayo yangefutwa, bila kufuta hata moja. Amri za git add -n na git push -n nazo huonyesha tu kile ambacho kingetendeka. Mtumiaji hujijengea kanuni kwamba -n ni jaribio, na kanuni hiyo si ya kubuni: katika programu ya make, iliyoitangulia Git kwa miongo kadhaa, -n ina maana hiyo hiyo.

Hata hivyo, git commit -n huhifadhi badiliko kwelikweli, tena huruka ukaguzi uliowekwa kulizuia likiwa na kasoro. Nami nilinaswa: niliingiza vidahizo vyenye makosa katika faili la kamusi, nikidhani najaribu tu, ilhali ukaguzi wa tahajia ungevikamata. Kwa git log -n 5, herufi hiyo hudai idadi ya kumbukumbu.

Majina marefu hayana utata huo: --dry-run, --no-verify, --max-count. Mwongozo wa uandishi wa programu za GNU husisitiza kuwa jina refu, mathalani --verbose, liandikwe vilevile katika kila programu.

Kwa hiyo mwandishi wa miongozo ya Kiswahili asiseme "tumia -n" pasipo maelezo. Aandike jina refu pamoja na kazi yake: kuonyesha bila kutekeleza, kuruka uhakiki, kuweka kikomo cha idadi. Kitenzi "jaribu" kisitumiwe kwa maana ya kuhakiki. Wingi wa "chaguo" ni "machaguo". "Chaguzi" tuwaachie wapiga kura.